Kuku wa sokoni Tanga: aoshwe au asioshwe?

"Usioshe kuku mbichi." Ushauri huo ulivuma mwaka 2014, mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza ilipowataka wananchi wake waache kuosha kuku kabla ya kumpika. Kwetu umeshafika, na ukiutaja mbele ya wapishi wa Ngamiani, hapa Tanga, watu hugawanyika papo hapo. Wanaofuatilia mambo ya afya wanaukubali. Akina mama wengi wanauona ni kuhalalisha uchafu. Naamini kila upande umeshika ukweli wake, ila wote wanabishania jikoni jambo lililoanzia kwingine.

Anayehofiwa ni bakteria aitwaye kampilobakta. Makazi yake ni utumbo wa kuku, mwenye joto la mwili la nyuzi 41 hadi 42 linalomfaa sana, na mara nyingi kuku mwenyewe haonyeshi dalili yoyote. Kwa binadamu, siku 2 hadi 5 baada ya kumeza, huja homa, tumbo la kusokota na kuharisha, pengine damu. Kwa hiyo anayeugua Jumatano humlaumu samaki wa Jumanne, na kuku wa Jumapili hakumbukwi kabisa. Wengi hupona ndani ya wiki moja hivi. Wachache, takriban mmoja kwa kila wagonjwa 1,000, hupatwa na Guillain-Barré, maradhi ya neva yanayolegeza miguu na mikono.

Bakteria mia chache tu wanatosha kumwangusha mtu, na hapo ndipo ushauri wa Uingereza unapopata nguvu. Maji ya bomba yakiipiga ngozi ya kuku hurusha matone kwenye ubao, kisu na sahani. Kuku atapikwa, na nyama ikifika nyuzi 74 hadi ndani bakteria hao hufa. Kachumbari haipiti motoni.

Lakini ushauri huo ulilenga kuku aliyechinjwa kiwandani, akatolewa matumbo, akapoozwa na kufungwa kwenye plastiki. Wa kwetu ni mwingine. Simama kidogo pale wanapochinja kuku pembeni ya soko. Kuku anatolewa tengani, anachinjwa, anatumbukizwa kwenye sufuria la maji ya moto, ananyonyolewa. Anafuata mwenzake, maji ni yale yale. Jua likipanda yamekuwa ya kijivu na manyoya yanaelea. Kijana anapasua tumbo, anavuta utumbo kwa vidole, anachana firigisi na kukung'uta pumba, halafu kwa mikono ile ile anauliza, "Mama, nikukatie vipande vinane?" Kigogo cha kukatia ni kile kile tangu alfajiri.

Kuku huyo anafika nyumbani na damu, vinyoya, na wakati mwingine kinyesi. Huwezi kumwambia mtu amtie chunguni hivyo hivyo, achilia mbali kwamba kwa familia nyingi za hapa kuondoa damu na najisi ni suala la dini. Hapo mama ana haki kamili.

Ninachomkatalia ni ile hoja ya "tumekula hivi miaka yote, mbona hatujafa?" Mtu mzima aliyekutana na kampilobakta tangu utotoni mwili wake umekwisha kumzoea. Katika nchi kama zetu wanaougua zaidi ni watoto wadogo, hasa kabla ya miaka mitano, na kwa mtoto anayeharisha hatari ya kupungukiwa maji ni kubwa. Afya ya baba haithibitishi kwamba chakula cha mwanawe ni salama.

Basi aoshwe, kwa utaratibu. Kachumbari ikatwe kwanza na kufunikwa. Kuku aoshwe ndani ya beseni, taratibu, si chini ya bomba wala kwa kumwagiwa kata kutoka juu. Ndimu itumike kwa sababu inaondoa shombo, lakini isiaminiwe kuua vijidudu vyote. Maji yasimwagwe uani wanapocheza watoto. Beseni, ubao, kisu na mikono vipitishwe sabuni kabla ya kugusa kitu kingine.

Hata hivyo yote haya ni kupunguza madhara. Utumbo unapopasuka ndipo nyama inapochafuka, na hilo hutokea mikononi mwa mchinjaji. New Zealand walikuwa na wagonjwa wengi mno mwaka 2006. Walipobana masharti kwenye uzalishaji na machinjio ya kuku, kufikia 2008 idadi ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu. Nafuu kubwa haikutokana na kuwafundisha watu kupika.

Utasema wale wana viwanda, sisi tuna vijana wenye sufuria na kisu. Ni kweli, na kubadilisha maji mara kwa mara ni gharama ya mkaa kwa mtu anayelipwa kidogo kwa kila kuku. Kumtoza faini kutamfanya ahamie uchochoroni tu. Jiji linaweza kuanza na bomba, meza inayosuguka na mahali pa kunawa kwa sabuni. Anayenyonyoa asiwe ndiye anayekata. Nasi wateja tukubali kumwongezea mchinjaji kidogo kwa kila kuku, ili mkaa wa sufuria la pili upatikane.