Karai la Ggaba na mita 200 za ufuo

Ggaba, kusini-mashariki mwa Kampala, ina kipande kifupi cha ufuo wa Ziwa Viktoria kinachofanya kazi tatu kwa pamoja. Alfajiri ni mwalo wa mitumbwi. Ikifika saa nne ni soko. Jumapili jioni ni mahali pa familia kupunga upepo, watoto wakikimbia kandokando ya maji. Wakaangaji wa samaki wamo katika zote tatu, na kila yanapozungumzwa mambo ya kuupendezesha ufuo, jina lao ndilo hutajwa kwanza: waondolewe, pasafishwe.

Wanaosema hivyo wana sababu. Matumbo na magamba yakiachwa kwenye mchanga huleta nzi na makundi ya kalooli, yale makorongo makubwa ambayo Kampala inayajua vizuri. Maji ya kuoshea samaki, yenye damu na chumvi, hurudi ziwani. Moshi wa kuni huingia kwenye nyumba za jirani. Choo hakiwatoshi wafanyakazi, sembuse wageni. Hayo yote ni kweli, na yote yana dawa inayojulikana.

Hoja nzito zaidi haisemwi sana. Karai huficha umri wa samaki. Kisheria ngege, yaani sato, hatakiwi kuvuliwa akiwa chini ya sentimita 28, na sangara, au mputa kama anavyoitwa hapa, chini ya 50. Askari waliowekwa kulinda uvuvi mwaka 2017 walipima mtumbwini na kwenye magari, lakini samaki akishakatwa vipande na kukaangwa, nani atampima? Mvuvi mwenye samaki wachanga akiwa na mnunuzi anayewatia mafutani ndani ya nusu saa, sheria imepita pembeni. Anayewatetea wakaangaji bila kulijibu hili hajawatetea.

Na jibu lipo, hata mezani kwa mlaji. Sahani ya kawaida ina upana wa sentimita 25 hivi. Ngege halali, mwenye uzito wa gramu 400 na kitu, haienei: kichwa kinatoka huku, mkia unatoka kule. Akilala mzima na nafasi ikabaki, yaelekea alivuliwa mapema mno, isipokuwa awe wa kufugwa vizimbani, ambao huweza kuvunwa wadogo. Lakini mlaji ndiye huomba “wa sahani moja”, na hoteli za ufuoni huagiza saizi hiyohiyo. Kosa la mkaangaji linaonekana kwa sababu jiko lake liko nje, basi. La hoteli liko nyuma ya ukuta.

Hapo ndipo inafaa kuitazama sana ile namba inayotajwa kila mara: mita 200. Kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zimeweka mita 200 kutoka ukingo wa maji kuwa eneo la hifadhi kwa ziwa kama hili. Wakaangaji wamo ndani yake, naam. Wamo pia kuta za mawe, kumbi za harusi, mabwawa ya kuogelea na maegesho yaliyomwagiwa zege. Sheria haikuiweka mita hiyo kwa ajili ya mandhari tu. Iliiweka ili udongo na mafunjo yachuje maji kabla hayajafika ziwani, na ili samaki wapate pa kuzalia. Kwa kipimo hicho, swali la kuuliza ni nini kinazuia udongo kufanya kazi yake. Sigiri, lile jiko la kubebeka, na meza ya mbao haviuzibi udongo. Zege huuziba.

Ziwa lenyewe lilionyesha tofauti hiyo mwaka 2020. Mwezi Mei maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakiipita kidogo rekodi ya 1964. Meza za mwaloni zilibebwa zikasogezwa juu, makarai yakaendelea kuchemka hatua chache nyuma. Majengo yaliyosimama ukingoni yaliingiliwa na maji hadi ndani, na vyoo vyake vya mashimo vikachanganyika na ziwa. Mwenye jiko la kubebeka aliishi na ziwa kama linavyotaka lenyewe. Kama mita 200 zitasimamiwa, na zisimamiwe, basi zianzie kwenye kisichoweza kuhama.

Kuhusu uchafu wa maji, Ggaba iko kwenye ghuba ya ndani ya Murchison, na ghuba hiyo ndiyo inayopokea mfereji wa Nakivubo wenye maji machafu ya katikati ya jiji. Mtambo wa Bugolobi ulijengwa kusafisha lita milioni 45 kwa siku, lakini nyumba nyingi za Kampala hazijaunganishwa na bomba la majitaka. Ule ukijani mzito unaoonekana majini, na gharama ya dawa kwenye mitambo ya maji ya kunywa papo hapo Ggaba, chanzo chake kikuu ni huko juu. Ndoo ya maji ya samaki ni uchafu, lakini si huo.

Kuna jambo jingine ambalo mpango wa kuwahamisha haulihesabu. Kukaanga ndiyo barafu ya maskini. Samaki aliyevuliwa usiku, bila barafu, katika joto la nyuzi 27, hafiki jioni akiwa mzuri. Minofu ya sangara huenda viwandani na ng'ambo; vichwa na mifupa yenye nyama iliyobaki hurudi mtaani, na ni karai linaloifanya iwe chakula cha jioni cha mtu wa kipato kidogo. Lipeleke karai kilomita tano ndani, na samaki atapata nafasi zaidi ya kuharibika njiani.

Na huyo samaki hulisha watu wasiokutana kwenye chungu kingine. Hahitaji kuchinjwa, kwa hiyo Mwislamu hana shaka naye. Msabato huuliza tu kama ana mapezi na magamba. Mganda wa ukoo wa Mmamba, ambao mwiko wake ni kambare-mamba, humwacha huyo akachukua ngege. Mkongo humtaka na fufu na pilipili nyingi, Mganda na matooke, kijana wa bodaboda na chipsi na kachumbari. Swali la kwanza ni lile lile, “Huyu pesa ngapi?”, na Kiswahili hicho kinawatosha wote.

Ubora wake nao unasimamika, maana hatari zinajulikana. Samaki huchanjwa mara tatu kila ubavu hadi karibu na mfupa, hutiwa chumvi, huachwa dakika 20, kisha hufutwa maji. Akiingia na maji, mafuta huruka na kupoa. Mafuta yasizidi nusu ya karai, yawe ya nyuzi 170 hadi 180: kijiti kikavu kikitiwa kitoe mapovu mara moja. Wa gramu 400 huiva kwa dakika kumi au zaidi kidogo. Mwaloni wengi hukaanga nusu asubuhi na kumalizia mteja akifika, na hapo ndipo penye kosa kubwa: samaki mbichi katikati akikaa kwa muda wa saa tano juani, bakteria hupata nafasi, na akirudishwa kwenye mafuta ya vuguvugu huyanyonya bila kuiva. Mafuta yachujwe kwa kitambaa kila jioni. Yakitoa povu lisilokufa au moshi mapema, yamwagwe, yasiongezewe mapya.

Gharama ya kurekebisha haifanani na ya kujenga upya. Bomba la maji safi la pamoja. Mtaro unaopita kwenye sanduku la vyumba viwili, mafuta yaelee, maji yatokee chini, na mtu wa kuyakomba kila wiki, la sivyo sanduku hujaa na mafuta hupita yote. Pipa lenye kifuniko kwa matumbo, yachukuliwe siku hiyohiyo, yachemshwe na kulishwa nguruwe. Na kwenye kila meza ya kuparia magamba, ubao wenye alama ya sentimita 28 uliopigiliwa misumari, samaki alazwe juu yake mbele ya mteja kabla kisu hakijamgusa.