Santuri au dijitali: wanagombana kuhusu kitu kingine

Wapenzi wa muziki hawaishi kubishana kipi kina sauti bora, santuri au dijitali. Kwa vipimo, santuri ilishindwa zamani. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hubeba sampuli 44,100 za sauti (yaani vipimo vya wimbi lake) kila sekunde, na kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa kuna nafasi ya desibeli 96 hivi. Santuri nzuri huishia kwenye 70, huku sindano ikichakacha.

Halafu kuna kasoro ya umbo lenyewe. Santuri ya inchi 12 huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, mwanzo hadi mwisho. Ukingoni sindano husafiri karibu sentimita 50 kwa sekunde; ikikaribia lebo ya katikati, inabaki na 20 na ushei. Mawimbi yale yale yanabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, ndiyo maana wimbo wa mwisho wa kila upande "s" za mwimbaji huanza kukwaruza.

Mbona basi watu wenye masikio mazuri huapa kwamba santuri ni tamu zaidi? Mara nyingi wanasikia sawasawa, ila sababu wanayoitaja siyo. Kuanzia miaka ya 1990 nyimbo nyingi za CD zilibanwa ili zivume kwa nguvu muda wote, ngoma haipandi wala haishuki. Toleo la santuri la albamu hiyo hiyo wakati mwingine huandaliwa kwa mkono mwepesi zaidi. Wanachosifia ni kazi ya fundi wa sauti aliyeandaa toleo hilo.

Mwaka 2022 hilo lilianikwa. Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani ya kutoa santuri iliyosifika kwa santuri zisizoguswa na dijitali, ilikiri kwamba nyingi zilipitia hatua ya dijitali. Wakusanyaji, wengine wakiwa wamelipa zaidi ya dola 100 kwa toleo moja, walikuwa wameisifia dijitali miaka mingi bila kujua. (Kesi mahakamani hazikuchelewa.)

Kwetu hesabu hugeuka kidogo. Nyimbo nyingi za dansi zilizotoka Nairobi kwa santuri ndogo za 45 (mizunguko 45 kwa dakika) zimefika mtandaoni kupitia nakala zilizolika, kisha faili likapunguzwa ukubwa na ubora. Hapo santuri safi ya wakati ule, ukiibahatisha kwenye vibanda vya Soko la Kenyatta, italiacha faili mbali. Kwa muziki mpya, mimi ningebaki na faili, fedha ya gramafoni niiweke kwenye spika.