Karatasi ya "iko juu" bado haijasema una bonge la damu

Mtu akivimba mguu mmoja huku kwetu Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, maneno humfikia kabla ya daktari. Amekanyaga kitu. Ametegwa. Matende hayo. Lakini linaloniuma zaidi siku hizi ni hili: mtu anaingia maabara ya mtaani peke yake, anaomba kipimo cha damu kuganda, analipa, anapewa karatasi inayosema "iko juu", na anarudi nyumbani akiamini ana bonge la damu.

Karatasi hiyo haijasema hivyo.

Kipimo chenyewe, didaima (D-dimer), huangalia mabaki yanayoachwa mwili unapoyeyusha damu iliyoganda. Mabaki hayo huongezeka kwa nimonia, ujauzito, upasuaji, saratani, hata kwa uzee. Kwa mashine nyingi mpaka wa jibu la kawaida ni nanogramu 500 kwa mililita, na kwa aliyevuka miaka 50 madaktari wengi huupata mpaka huo kwa kuzidisha umri mara 10. Mzee wa miaka 70 mpaka wake unakuwa 700. Akipata 620 huenda hana tatizo lolote, ila nani atamwambia kama hakupita kwa daktari? Akianzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda bila sababu, anaweza kuvuja damu tumboni au kichwani.

Nguvu ya kipimo hiki iko kwenye jibu la chini. Daktari akishamkagua mgonjwa na kuona uwezekano ni mdogo, jibu la chini linatosha kuliondoa bonge la mguuni au la mapafuni kwenye mawazo, bila ultrasaundi. Kwa mtu wa kisiwani Ukerewe hiyo ni nauli ya feri imeokolewa, na malazi ya Mwanza mjini, na fedha ya kipimo. Ndiyo maana natamani sana kipatikane Nansio, Sengerema na Magu wakati wote, si mjini tu.

Ila mkono wa daktari utangulie. Aulize kama mgonjwa amefanyiwa upasuaji karibuni, amelala kitandani siku nyingi, ana saratani, aliwahi kuganda damu. Apime mashavu ya miguu yote miwili. Utepe wa fundi cherehani unatosha, na tofauti ikizidi sentimita 3 ni dalili ya kuzingatiwa. Dalili zikiwa nzito, aende ultrasaundi moja kwa moja, maana hapo hata jibu la chini halitoshi kumtuliza mtu.

Mzazi aliye ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua nampigania zaidi. Hatari yake ni kubwa, na didaima yake huwa juu hata akiwa mzima. Akivimba mguu mmoja, msimchue; mpelekeni akapigwe ultrasaundi. Akianza kuhema kwa shida au kifua kikambana, mkimbizeni hospitali ya Sekou Toure au Bugando, usiku huohuo, bila kusubiri karatasi yoyote ya maabara.