Kumpa Ruhusa ya Kurudi Nyumbani Si Msaada

Kijana mwenye maumivu sugu hukutana na shaka kabla hajakutana na msaada. Jana alionekana uwanjani, leo hawezi kuinua begi lake, na vipimo vya hospitali havionyeshi kitu. Mwalimu wa zamu anahitimisha kwamba anategea. Ilhali Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa lililoanza kutumika mwaka 2022, linayatambua maumivu yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3 kuwa yanaweza kuwa ugonjwa unaojitegemea, hata pasipo jeraha wala uvimbe. Mishipa ya fahamu na ubongo vinaweza kuendelea kutoa tahadhari hata baada ya hatari kwisha, na mwenye mwili anaumia kwelikweli.

Kwa hiyo sioni kwa nini mshauri nasaha wa shule ajitwike kazi ya kuchunguza kama mwanafunzi anasema kweli. Kazi yake ni kumwezesha kubaki shuleni, na hapa ndipo ninapotofautiana na walimu wengi wenye huruma, ambao kila kijana akilalamika humwandikia ruhusa ya kwenda nyumbani. Huko hulala mchana na kukesha usiku, mwili unalegea kwa kukosa mazoezi, masomo yanarundikana, marafiki wanazoea kutokuwapo kwake, na hofu ya kurudi darasani inakua kila siku. Yote hayo huyazidisha maumivu.

Afadhali mpango ulioandikwa. Mwanafunzi anayeumwa mgongo ahudhurie vipindi viwili vya kwanza, apumzike robo saa katika chumba cha ushauri, kisha arejee darasani, aruhusiwe kusimama nyuma anapochoka kukaa, bila kujieleza upya kwa kila mwalimu anayeingia. Vipindi viongezwe kwa tarehe zilizokubaliwa, si kwa kusubiri siku asiyoumwa, kwa sababu siku hiyo huenda isije karibuni. Afundishwe pia kugawa nguvu zake: wengi wakipata nafuu hufanya kazi zote za wiki kwa siku moja, halafu wanalala siku tatu.

Mshauri aliyefunzwa anaweza kumsaidia kupambana na fikra za aina ya "nikiumwa asubuhi, siku nzima imeharibika". Miongozo ya Shirika hilo ya mwaka 2020 kuhusu maumivu sugu ya watoto inaweka tiba ya kisaikolojia sambamba na mazoezi ya mwili na dawa. Lakini asithubutu kumwambia kwamba maumivu ni ya kujitungia, wala asichukue nafasi ya daktari: homa, kupungua uzito au ganzi ya miguu ni mambo ya kupelekwa hospitali mara moja.

Wazazi nao waache kumuuliza kila asubuhi kama anaumwa. Wamuulize ana vipindi gani. Na wakuu wa shule, wanaompa mshauri nasaha ratiba iliyojaa vipindi vya kufundisha kisha wakamtaka asimamie mipango ya namna hii, wampunguzie vipindi kwanza.