Kabla ya kuipa laptopu kuukuu Linux, uliza fundi ni nani

Mama mdogo wangu ana steshenari jirani na shule ya sekondari, hapa Dar es Salaam. Ana mashine ya fotokopi, printa mbili na laptopu mbili za HP EliteBook 840 G3, zile zilizokwisha kutumika ofisini Ulaya ambazo ukipita Kariakoo utazikuta zimejaa mezani. Ni mashine ngumu, na kibodi yake haichoshi vidole. Prosesa ni Core i5 ya kizazi cha 6, na shida yote imekaa kwenye hiyo 6. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda mbele pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Windows 10 nayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha waliongezewa mwaka mmoja wa viraka vya usalama, basi.

Kwa hiyo laptopu nzima, isiyo na kasoro hata ya bawaba, imeambiwa imezeeka. Sisi vijana tunaojifanya wajuzi wa kompyuta tuna jibu tayari mdomoni: weka Linux, mfumo endeshi unaokaa mahali pa Windows, ni bure, ni nyepesi, ni salama. Nimelisema jibu hilo mara nyingi kuliko nilivyolifikiria. Na katika maneno hayo matatu, “bure” ndilo dhaifu kuliko yote.

Hapa mtaani ni nani aliyewahi kununua leseni ya Windows? Fundi anakuja na flashi yake, “anapiga Windows”, anaweka Office na vikorokoro vingine, unampa hela ya chipsi mayai na soda, mmemalizana. Ukimwambia mtu huyo kwamba Linux ni bure, atakuuliza kwani hii aliyonayo alilipia shilingi ngapi. Tena kupakua Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, ni karibu GB 3, na kwa mtu wa bando hiyo si bure hata kidogo.

Hoja yenye uzito imejificha ndani ya flashi ya fundi. Ile programu ya kuvunja leseni mara nyingi inakutaka uzime kwanza ulinzi wa virusi. Mlinzi anaambiwa akalale ili mgeni apite getini, na mgeni mwenyewe hakuna anayemjua. Linux haina leseni ya kuvunja. Unaichukua kwa wanaoitengeneza wenyewe, na toleo la Mint 22 litaendelea kupata masasisho hadi mwaka 2029. Mwenye 840 G3 ataachana na betri mara mbili kabla ya hapo.

Ubora wa Linux niliuona vizuri zaidi siku alipokuja mwanafunzi na flashi yake kuchapisha ripoti ya mazoezi kwa vitendo. Kwenye laptopu ya Windows ile flashi ilifunguka ikiwa imejaa njia za mkato tupu: kila folda imekuwa kialama chenye mshale, ukikibofya hupati ripoti, unapata kirusi. Kila mwenye steshenari anaujua ugonjwa huu. Binti wa watu alikuwa anatetemeka, tarehe ya mwisho ilikuwa kesho yake. Tukaichomeka kwenye laptopu yenye Mint. Zile njia za mkato zikaonekana kuwa vijifaili visivyo na maana, na pembeni yake folda moja isiyo na jina. Ndani yake ripoti ilikuwemo, nzima, na picha zake zote. Kirusi kilikuwa kimezificha faili kwa alama ambayo Windows inaitii, Linux wala haiijali. Chenyewe pia kiliandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo hapo kilikaa tu kama samaki nchi kavu.

Wepesi upo, ila tunautia chumvi. Mint yenye Xfce, sura yake nyepesi, inakwenda vizuri kwenye RAM ya GB 4, na hata GB 2 inaamka. Lakini wengi wanaosifu kasi waliwekewa Linux siku ile ile waliyotoa diski ya zamani ya kuzunguka na kutia SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Hapo sifa kubwa ni ya SSD. Na kivinjari hakibadiliki tabia kwa kuhama nyumba: fungua kurasa kumi na mbili, yenye GB 4 itapumua kwa shida hata ungeiwekea mfumo gani.

Sasa upande wa pili. Nilipomweleza mama mdogo mpango wangu, alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: “Mwanangu, hiyo Linux yako inatoa kadi za harusi?”

Kadi za harusi na za send-off ndizo zinazolipa kodi ya fremu, na zote ziko kwenye faili za Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi, alizozikusanya kwa miaka. LibreOffice, mbadala wa Office kwenye Linux, inazifungua faili hizo, lakini maandishi yanahama, fonti za mapambo zinapotea, na haiwezi kuzihifadhi tena kama Publisher. Kibaya zaidi ni Word. Mwanafunzi analeta tasnifu aliyoipanga kwa fonti ya Calibri, Mint inaweka fonti ya Carlito badala yake. Vipimo vya herufi ni vile vile, ila jedwali lenye seli zilizounganishwa linaweza kusogea nusu ukurasa. Kwa mteja aliyekulipa mia mbili kwa ukurasa, hilo ni kosa lako, si la programu. Dawa ya sehemu ni kumwambia alete PDF. Ukishamwambia hivyo mara ya tatu anahamia steshenari ya ng’ambo ya barabara.

Halafu kuna fundi. Windows ikigoma, mama mdogo ana mafundi watano ndani ya dakika kumi za mguu. Linux ikigoma, ana mimi, nami naishi Kibaha. Hili ndilo gharama halisi, na hatulisemi kwa sababu tunaoshawishi wenzetu ndio hao hao mafundi. Gendarmerie ya Ufaransa, yaani polisi wake wa kijeshi, ilianza kuhamia Ubuntu, aina nyingine ya Linux, mwaka 2008 na mpaka leo iko huko, kwa makumi ya maelfu ya kompyuta, lakini ina mafundi wake na amri ikitoka juu inafuatwa hadi chini. Jiji la Munich lilihamishia Linux kompyuta zipatazo 15,000, kisha mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows. Siasa ilikuwemo, sawa, ila malalamiko ya watumishi kuhusu nyaraka yalikuwemo pia. Kama manispaa tajiri ya Ujerumani imeyumba, fremu moja yenye kaunta ya mbao iende taratibu.

Kuna wanaolazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine hizi kwa flashi iliyoandaliwa kuruka ukaguzi. Inakubali, na inafanya kazi. Microsoft imeshasema mashine kama hizo hazina haki ya kudai masasisho, kwa hiyo unajenga kwenye kiwanja ambacho mwenyewe anaweza kukitaka siku yoyote. Kwa nyumba ya mwanafunzi, anayeandika, anayetazama video na kuingia kwenye tovuti za chuo, sioni sababu ya kuhangaika hivyo. Mint inamtosha, isipokuwa kama kozi yake ina programu ya Windows tu. Aijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, aone kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka na printa inaitika. Akiridhika, ahamishe faili zake pembeni ndipo asakinishe, maana chaguo la kufuta diski yote halina kurudi nyuma.

Steshenari tuliigawa. Laptopu ya ndani, yenye kadi, imebaki na Windows, na tumeitoa kwenye intaneti. Faili zinaifikia baada ya kupita mbele. Ya kaunta ina Mint, ndiyo inayopokea flashi zote. Printa ya rangi ilinichukua Jumamosi nzima, ile ya nyeusi ikaitika yenyewe bila kuombwa. Wiki iliyopita nilikuta mama mdogo amebandika karatasi dirishani: TUNAFUFUA FLASHI, SH. 1,000. Hakuniuliza, wala hajanipa asilimia.