Mpira Haukuingia Kwenye Suruali

Kwanza kabisa, haikuwa suruali. Naomba tuanzie hapo, maana tangu juzi jioni napokea pole za ajabu ajabu. Mmoja ameniuliza kama nimeshaonana na daktari. Mwingine kaandika, "Kaka, nasikia unatembea umetanua miguu." Watu wazima hao, wenye familia zao.

Anayeisambaza habari hiyo ni rafiki yangu ninayecheza naye gofu. Simtaji. Tumwite Shahidi, maana siku hizi kazi yake ni kutoa ushahidi ambao hakuna aliyemwomba. Kwenye hadithi yake mpira umepaa, umeshuka, umepitia kiunoni ukazama kwenye suruali yangu. Uongo mtupu. Uliingia kwenye kofia ya koti langu la mvua. Tofauti ni kubwa, na ninyi mnaosema "si yale yale tu", nimewaandika majina.

Haya. Wanaonifuatilia wanajua ugonjwa wangu ni chipu, yaani lile pigo fupi la kuurusha mpira kidogo ukiwa karibu na shimo. Fimbo ndefu napiga, si haba. Kwenye grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo na bendera, natumbukiza kama wengine. Ila nikibaki hatua kumi na tano kutoka kwenye bendera, mahali ambapo mtoto angeusukuma tu mpira kwa mguu, viungo vyangu vyote vinaitisha mkutano wa dharura. Ama nachimba udongo kama nimeahidiwa mavuno, ama naugonga mpira tumboni unaambaa chini na kuipita grini kama mtu anayekwepa mdai.

Basi nikajifungia wiki mbili nikajifunza. Usiku video, alfajiri mazoezi sebuleni juu ya zulia, taulo nimelibana kwapani ili mikono isiachane na kifua. Mke wangu alivumilia siku tatu. Ya nne akaniuliza hilo jipu litapasuka lini.

Na nilijifunza kweli, msinidharau. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia: miguu ikae karibu karibu, uzito mwingi uwe mguu wa kushoto na ubaki hukohuko, mpira ukae nyuma kidogo kuelekea mguu wa kulia, mikono iutangulie mpira, vifundo vya mikono vitulie. Fimbo ishuke, iuguse mpira kwanza, nyasi baadaye. Na usijaribu kuunyanyua mpira kwa nguvu zako, kwa sababu uso wa fimbo umeshalazwa kiwandani ili ufanye kazi hiyo. Haya yote naweza kuyasema nikiwa usingizini. Bahati mbaya sikuyasemea usingizini. Niliyasemea uwanjani, asubuhi nzima, nikimfundisha Shahidi ambaye hakuwa ameomba kufundishwa.

"Mikono mbele, bwana." "Uzito kushoto." "Umeona? Umeunyanyua." Kufika shimo la 12 alikuwa ameshanyamaza. Nikadhani somo linamwingia.

Tulikuwa na mzee mmoja kwenye kundi letu, mpole, mchezaji wa miaka mingi. Yeye hana mbwembwe. Akikosa grini anachomoa fimbo namba 8, anasimama kama anayetaka kutumbukiza tu, anausukuma mpira. Unaruka kidogo, unatua mwanzoni mwa grini, halafu unajiviringishia wenyewe kama mara tatu ya ule umbali wa hewani, mpaka karibu na shimo. Nilimhurumia. Jamani, nilimhurumia! Nikamwambia, "Mzee, siku ukipata weji ya nyuzi 60, ile fimbo yenye uso uliolala ya kuupaisha mpira juu, utafurahi mwenyewe." Akanitazama kwa upole, akasema, "Ahsante, mwanangu."

Sasa twende shimo la 18. Grini yake iko chini kabisa ya baraza la klabu, na barazani huwa kuna watu ambao wameshamaliza kucheza na kazi yao iliyobaki ni macho. Manyunyu yalikuwa yamekata. Kofia ya koti nilikuwa nimeishusha, ikawa imeninginia mgongoni, mdomo wazi. Ikumbukeni hiyo kofia.

Pigo langu la tatu liliniacha hatua nne nje ya grini, kwenye nyasi nene zilizolowa. Mbele yangu hakuna mchanga, hakuna maji, hakuna chochote cha kuruka. Hapo mtu mwenye akili anachomoa namba 8. Mimi nikatazama barazani, nikaona watu, nikachomoa nyuzi 60.

Pigo la nne: nikachimba. Kipande cha nyasi kilisafiri mbali kuliko mpira. Barazani kuna mtu alisema "aaah" kwa ile sauti ya kumfariji mtoto aliyemwaga kitu. Nikakirudisha kipande changu kwa mguu, nikakikanyaga kanyaga taratibu, nikijifanya nawaza mambo ya upepo.

Na hapa sasa naomba mnivumilie, maana nimelirudia hili kichwani usiku mbili mfululizo na nalijua sekunde kwa sekunde.

Nasimama. Miguu karibu, sawa. Mikono mbele, sawa. Uzito kushoto, sawa. Navuta fimbo nyuma, nayo inakwenda vizuri, nadhani ni vizuri kuliko siku zote. Halafu katikati ya safari ya kurudi, lile "aaah" linanirudia masikioni. Mwili unaogopa. Uzito unahama, unaniacha kushoto unakwenda kulia bila kuaga. Vifundo vya mikono vinalegea na kuanza kuchota, ile ile chota niliyomkanya Shahidi toka asubuhi. Fimbo inagusa nyasi kwanza. Nyasi nene zilizolowa zinaishika. Inapunguza mwendo, inaufikia mpira imechoka, inaugusa kidogo tu, tik.

Mpira unainuka. Polepole. Unainuka mbele ya tumbo langu kama unapanda ngazi, nauona mpaka maandishi yake. Na mimi, kwa hofu, nimeshaongeza nguvu. Fimbo inajinasua kutoka kwenye nyasi, inaufuata mpira juu, inaukuta kifuani kwangu, tok.

Mara mbili. Pigo moja, mpira mmoja, mara mbili.

Ile ya pili iliupeleka juu wima. Wapenzi, nilitazama mbele. Sote hufundishwa kutazama mbele, si ndiyo? Nilitazama grini, nikaiona tupu. Nikatazama nyuma ya grini, patupu. Katika kutafuta huko nikahisi kitu kimenigusa mgongoni, kidogo tu, pu. Nikadhani ni Shahidi ananipigapiga kunipa pole. Nikasema, "Ahsante."

Shahidi alikuwa amesimama hatua kumi kutoka hapo.

"Umekwenda wapi?" nikauliza.

Mzee alikuwa ameinamia mfuko wake akichomoa fimbo ya kutumbukizia, hakuona. Shahidi akasema, "Sijui, bwana. Tutafute." Kumbe ameona kila kitu. Kila kitu! Na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama, akifunua nyasi kwa vidole kama anayetafuta hereni ya mama yake. Zaidi ya hapo, alitazama saa yake akatangaza, "Una dakika tatu." Ni kweli, tangu sheria zilipobadilishwa mwaka 2019 muda wa kutafuta mpira ni dakika 3, zamani zilikuwa 5. Sheria anazijua sana akitaka.

Nikatafuta. Nikazunguka grini nzima, mpira wangu ukizunguka nami. Nikachungulia hata ndani ya shimo, kwa matumaini ambayo sasa nikiyakumbuka nataka kulia. Barazani watu walikuwa wamesimama. Mmoja alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, nami nikajiambia, ona watu wenye utu, wanaumia pamoja nami.

"Imebaki nusu dakika," akasema Shahidi, sauti ikimtetemeka. Nikadhani ni huruma.

Nikapiga magoti kwenye zile nyasi nene. Nikainama, paji la uso karibu liguse ardhi. Hapo kofia ikapinduka. Mpira ukatoka, ukanipitia kisogoni, ukaviringika juu ya utosi, ukadondoka mbele ya pua yangu. Mimi nilichokiona ni mpira mweupe, wenye alama yangu, umetulia kwenye nyasi.

Nikaruka juu nimeushika, mikono hewani: "NIMEUPATA!"

Baraza lililipuka. Kuna kiti kilianguka. Shahidi alikuwa chini, amelala chali, anapiga nyasi kwa kiganja. Nikageuka kwa mzee, mtu pekee mwenye uso wa kawaida.

"Umeupata wapi, mwanangu?"

"Hapa hapa, mzee! Ulikuwa hapa hapa!"

Akanisogelea. Akaninyooshea kofia ya koti mgongoni, akatoa jani moja lililokuwa humo, akanipa mkononi.

Yaliyofuata nayapitia mbio. Kugonga mpira mara mbili bila kukusudia sasa hakuna adhabu, linahesabika pigo moja. Mpira kukugusa mwenyewe kwa bahati mbaya, hakuna adhabu. Ukitulia juu ya mwili wa mtu hauwezi kuuchezea hapo (na ningependa kumwona atakayejaribu), unaudondosha kutoka usawa wa goti, karibu na mahali mtu huyo alipokuwa amesimama ulipomtulia. Yaani palepale. Ulipaa, ukapumzika, ukatembezwa uwanja mzima, ukarudi nyumbani. Nikachomoa namba 8 bila kumtazama mzee usoni. Nikausukuma, ukajiviringisha ukasimama hatua mbili kutoka kwenye shimo. Nikakosa, nikatumbukiza. Nane.

Jana nimetafuta mtu wa kunifariji nikampata kwenye historia. Mcheza gofu T.C. Chen, mwaka 1985, mashindano ya US Open katika uwanja wa Oakland Hills. Siku ya mwisho, shimo la 5, anaongoza kwa mapigo 4. Yuko kando ya grini kwenye nyasi nene, anapiga chipu, fimbo inaugusa mpira mara mbili. Enzi hizo ilikuwa na adhabu ya pigo moja. Akamaliza shimo hilo kwa mapigo 8, na mwisho wa siku Andy North akatwaa kombe kwa tofauti ya pigo moja tu. Watu wakambatiza jina la utani kwa herufi zake za T.C., "Two Chip", yaani chipu mbili. Kwa hiyo mimi na Chen wote nane. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anaongoza US Open, mimi nilikuwa namwongoza Shahidi, na yeye walau hakushangilia.

Huyo Shahidi nimempigia asubuhi hii. Nimemwambia, bwana, mimi sikatai yaliyonipata, ila heshimu ukweli, ni kofia ya koti, si suruali, nina mzee wa watu aliyeona jani. Akasema pole sana, kaka, nimekosea, nitarekebisha sasa hivi kote nilikosimulia.

Amerekebisha. Sasa hivi mipira ni miwili.