Mita 200 za Ggaba: nani aondoke kwanza?

Kila ziwa linapopanda, maneno ni yale yale: watu wa mwalo waondoke. Mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipofika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, sentimita moja tu juu ya rekodi ya 1964, serikali ya Uganda iliwataka wote waliojenga ndani ya mita 200 kutoka majini wahame. Ggaba, mwalo wa Kampala, maji yalikuwa yameingia sokoni na vyoo vimezama. Ziwa likashuka, watu wakarudi, agizo likalala. Huamshwa mvua zikizidi, na haliamki peke yake: hufuatana na lawama kwamba mwalo umejaa watu wa kuja, Wakongomani, Waalur, Wasamia, Wanyarwanda, watu wasio na uchungu na mahali, ndiyo maana ghuba inanuka. Agizo lina hoja. Lawama haina, na bahati mbaya ndiyo inayoamua nani aondolewe kwanza.

Hoja ya agizo ni hii. Kanuni za mwaka 2000 za ardhioevu na kingo za maziwa zinahesabu mita 200 kuanzia pale maji yanapokomea yakiwa yamepungua kabisa, siyo pale yanapogonga leo. Kwenye ufuko tambarare tofauti hiyo si ndogo. Kati ya Oktoba 2019 na mwisho wa Aprili 2020 ziwa lilipanda mita 1.32. Chukua mteremko wa mita moja kwa kila mita hamsini: hizo ni mita 66 za nchi kavu zilizomezwa kwa miezi kama saba. Aliyejenga hatua hamsini kutoka ukingoni aliamka akiwa na maji kitandani, na hapakuwa na mtu wa kumshtaki.

Halafu kuna maji ya kunywa. Mitambo ya Ggaba, wa kwanza wa 1930, wa pili 1992, wa tatu 2007, inavuta kutoka ghuba ile ile ya Murchison, ambayo sehemu yake ya ndani ni kama kikombe: maji yanaingia, yanazunguka, yanachelewa kutoka. Mbolea ya kinyesi ikizidi humo, mwani unaota, maji yanakuwa kijani, shabu inatumika nyingi zaidi, vichujio vinaziba mapema na klorini inapanda. Hali ya ghuba ni sababu mojawapo ya mji kujengewa mtambo mwingine mbali kabisa, Katosi, wilayani Mukono, wa mita za ujazo 160,000 kwa siku katika awamu yake ya kwanza. Anayesema ukingo ulindwe hasemi upuuzi.

Lakini kijani hicho kinatoka wapi? Fuata mfereji wa Nakivubo. Unapita katikati ya Kampala, unabeba maji ya masoko, ya gereji, ya viwandani, pamoja na yale yanayotoka kwenye mtambo wa maji taka wa Bugolobi, unaingia kwenye ardhioevu ya Nakivubo, kisha ziwani. Kwa miaka mingi wakazi waliounganishwa na mabomba ya maji taka mjini hawakufika hata kumi katika mia. Waliobaki wana mashimo na matangi, na mvua kubwa ikinyesha sehemu ya yaliyomo humo huishia mferejini.

Zamani mafunjo ya Nakivubo yalipunguza makali. Mafunjo huelea, mizizi ikining'inia majini, na uchafu unapita katikati ya mizizi hiyo polepole. Ukiyakata ukapanda magimbi na miwa, kama ilivyofanyika sehemu kubwa ya bonde, unalazimika kuchimba mifereji ili shamba likauke. Maji sasa yanakimbia ndani ya mifereji hiyo na kufika ziwani karibu kama yalivyotoka mjini. Mtambo mpya wa Bugolobi, wenye uwezo wa mita za ujazo 45,000 kwa siku, umesaidia, ila mtambo husafisha kile tu kinacholetwa na bomba. Kwa hiyo hata Ggaba ikibomolewa yote hadi nyasi ziote, ghuba itaendelea kupokea Nakivubo kesho yake asubuhi. Mkazi wa mlimani ambaye kinyesi chake kinateremka usiku hajawahi kuambiwa hana uchungu na ziwa.

Hapo wapenda mwalo huishia, nami nadhani wanaishia mapema mno, kwa sababu mwalo nao unachafua. Tatizo liko chooni, na linahesabika.

Choo cha shimo kinahitaji sakafu ya shimo ibaki angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Karibu na ziwa ukichimba nusu mita umefika majini. Ndiyo maana vyoo vya mwalo vinajengwa juu: unapanda ngazi nne au tano, na chini yako kuna chumba cha matofali kilichosiribwa kwa saruji. Chukua chumba cha mita moja kwa mbili, kina mita moja na nusu: mita za ujazo tatu. Mtu mmoja hujaza kati ya lita 40 na 60 za tope kwa mwaka. Wapangaji arobaini kwenye choo kimoja, jambo la kawaida kwenye safu ya mizigo, yaani vyumba vya kupanga vya mtu mmoja mmoja, wanakijaza kati ya miezi kumi na mitano na ishirini na miwili hivi. Wakitupa humo nepi, chupa na kavera, mifuko ya plastiki, mwaka hauishi.

Kikijaa, gari la kunyonya haliingii kwenye kichochoro cha mita moja na nusu, na mpira wake haufiki. Likifika, kavera zinaziba mpira na dereva anadai zaidi au anaondoka. Tope lenyewe halifai kumwagwa ovyo: kituo cha Lubigi, kilichofunguliwa mwaka 2014 na kupokea mita za ujazo 400 za tope la vyoo kwa siku, kiko upande wa pili wa mji, na safari ya kutoka Ggaba inapita kwenye foleni zote unazozijua. Ndipo linapotokea lile ambalo kila jirani analijua na hakuna anayelitaja kwenye mkutano. Chini ya ukuta wa choo, upande wa mfereji, kuna tofali moja lisilo na saruji. Mvua kubwa ikianza, mwenye nyumba au mtu wake analitoa, tope likaondoka na maji. Mvua ikikatika, analirudisha.

Sasa tuulize lawama ya "watu wa kuja". Nani alilegeza tofali lile? Si Mkongomani anayekodi chumba mwezi hadi mwezi. Mpangaji hajengi choo, hachagui aina yake, hana ufunguo wa tundu la kunyonyea. Mwenye kujenga ni mwenye nyumba, na mara nyingi haishi hapo. Uchungu na mahali anao sana, kwenye stakabadhi za kodi.

Na mchanganyiko wa watu wa mwalo haukuja kwa ajali. Uvuvi unahitaji baria, vijana wanaofuata samaki kutoka mwalo hadi mwalo, na muzigo ni chumba kisichomuuliza mtu ukoo wake. Mukene mkavu, yaani dagaa, na mputa, yaani sangara, wa chumvi au wa moshi husafiri hadi Kongo na Sudan Kusini, hivyo wanunuzi wanafuata mzigo. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea anakotaka. Watu hawa wanaelewana kwa Kiswahili cha biashara, kikavu na kifupi, ambacho Kampala wengine bado wanakisikia kama lugha ya askari. Mkutano wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, hata hivyo, unaendeshwa kwa Kiganda. Uchaguzi wa LC1 wa 2018, wa kwanza tangu 2001, ulikuwa wa kupanga foleni nyuma ya mgombea, na mkimbizi hakuwa na foleni ya kusimama. Mwenyekiti anayetangaza siku ya usafi anatangazia sehemu tu ya wanaotumia vyoo.

Bomoabomoa inazidisha hayo. Mwenye hati ya mailo, umiliki wa ardhi wa kudumu wa Buganda, anajulikana. Mwenye kibanja, anayekalia ardhi ya mwingine na kumlipa busuulu, kodi ya ardhi ya mwaka, ana Sheria ya Ardhi ya 1998 mkononi, angalau kwa kudai. Mpangaji wa muzigo hana safu kwenye daftari la fidia. Atakwenda wapi? Kwenye mwalo mwingine, kwa kuwa mtumbwi hauegeshwi mlimani, na huko nako atakuwa ndani ya mita 200. Kanuni hizo hizo zinaruhusu shughuli fulani ukingoni kwa kibali, ndiyo maana kuna hoteli na bustani za harusi zinazotazama maji. Mama mwenye jiko la kukaushia samaki hajawahi kuonyeshwa fomu.

Kwa hiyo sibishani na mita 200. Nabishana na mahali pa kuanzia. Vigingi vipigwe kwanza, kutoka kwenye mstari wa maji ya chini, ili kila mtu aone yuko wapi, wa hoteli na wa mwalo. Wenye vyumba vinavyozama ziwa likipanda kama 2020 wahamishwe, mpangaji akihesabiwa kwa jina lake. Wenye nyumba waliobaki wapewe msimu mmoja wa kiangazi kujenga choo cha kuinuliwa chenye tundu la kunyonyea linalofikiwa kutoka njiani, na pale gari lisipofika, pampu ya mkono na mapipa ya lita 200. Mita za ujazo tatu ni mapipa kumi na matano, tukutuku, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, inayabeba kwa awamu hadi barabarani. Tangazo lisomwe sokoni alfajiri, mitumbwi inaporudi, kwa Kiganda na kwa Kiswahili. Na mkaguzi apite mvua ikinyesha, wakati tofali liko nje.